Mahali Palipoitwa Patupu: Historia ya Nyangwe na Watu Wake Walioondoshwa



Katika kitabu cha jubilei ni desturi kuanza na siku misioni ilipofunguliwa, majina ya Mapadri wa kwanza, na hesabu ya waliobatizwa. Hayo mtayasoma kwenye kurasa zingine. Sisi tumepewa kazi ya kueleza historia ya mahali penyewe, na historia ya Nyangwe, tangu mwanzo wake, ni historia ya watu waliohamishwa.

Kabla ya yote palikuwa na mto na soko. Wagenya, wenye mitumbwi, walileta samaki kwenye ukingo wa Lualaba. Wanawake wa bara walishuka na mihogo, mafuta ya mawese, kuku, chumvi na vyungu. Hata makabila yaliyokuwa katika ugomvi yalionana hapo kwa amani, maana siku ya soko ilikuwa na heshima yake.

Katika miaka ya 1860 wafanya biashara wa pwani walifika wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Wa kwanza kujenga hapa alikuwa Mwinyi Dugumbi. Livingstone alifika mwezi wa tatu 1871 na kukaa zaidi ya miezi mitatu akitafuta mitumbwi asiipate. Tarehe 15 Julai 1871 aliona kwa macho yake watu wenye bunduki wakifyatua risasi katikati ya soko lenye watu kama 1.500, walio wengi wanawake. Wengi walijitupa mtoni wakazama. Waarabu wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Habari hiyo ilipofika Ulaya ilitia nguvu sana shauri la kufunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Lakini hapa Nyangwe mji ulizidi kukua.

Ulikua kwa watu gani? Hili ndilo jambo ambalo watu hulipita upesi. Waarabu wa kweli walikuwa wachache. Walioujaza mji walikuwa watu wa vijiji vya Maniema, waliotekwa ao waliokimbilia kwa mkubwa mwenye bunduki ili wasitekwe. Walichomewa nyumba kwao, wakajengeshwa nyumba hapa. Wakalima mpunga katika bonde lililotenga sehemu mbili za mji, ambalo Cameron aliliona mwaka 1874. Walivaa kanzu, wakajifunza maneno ya pwani, wakaitwa Wangwana. Kingwana chetu, hiki tunachoandikia na tunachosalia, kilikomaa midomoni mwa watu waliong’olewa kwao. Tusikionee haya.

Kisha ikaja vita ya 1892 mpaka 1894. Shuleni, na baadaye katika seminari ndogo, tulifundishwa kwamba ilikuwa vita ya kuwakomboa watumwa. Kwa kweli utumwa wa Waarabu ulivunjwa, na tunamshukuru Mungu. Lakini tuone jinsi mji ulivyovunjwa. Majeshi ya Dhanis, pamoja na watu wa Gongo Lutete, yalikaa majuma mengi ng’ambo ya mto wakitazamana na Nyangwe. Tarehe 4 Machi 1893 walivuka kwa mitumbwi ya Wagenya, wale wale wenye soko la 1871. (Tunafikiri hawakuwa wamesahau.) Baada ya siku chache ugomvi uliwaka ndani ya mji uliokwisha kutekwa, watu wengi sana waliuawa na nyumba zikateketezwa. Hinde, mganga aliyefuatana na jeshi hilo, aliandika kwamba mji mzuri wa watu karibu 30.000 ulibaki nyumba moja kubwa yenye boma na kambi ya askari kuizunguka. Kasongo ilitekwa tarehe 22 Aprili mwaka ule ule. Mahali pa Kasongo ya zamani panaitwa Tongoni mpaka leo, na kila anayejua Kiswahili anajua tongo ni nini: ni mahali palipokuwa na watu.

Wenyeji wa Nyangwe walikwenda wapi? Wengine walikufa. Wengine walifuata wakubwa wao kuelekea Tanganyika, na watu wa asili ya Maniema wako Ujiji, Tabora na Bujumbura hata sasa. Wengine walirudi vijijini, wakakuta kijiji hakipo tena, wakaomba mahali kwa jamaa.

Sasa tufikie jambo linaloigusa Eklezya yenyewe. Tarehe 1 Julai 1885, Serikali ya Leopold II ilikuwa imetangaza kwamba ardhi yote isiyokaliwa ni mali ya Leta. Mji uliochomwa unaonekana haukaliwi. Shamba la mtu aliyekimbia linaonekana pori. Tarehe 26 Mei 1906 Leta na Roma walifanya mapatano: kila misioni ya Kikatoliki itapewa hektari 100 mpaka 200 za ardhi nzuri, daima, nayo misioni itafungua shule. Shule hizo ndizo zilizotufundisha kusoma, na hatuna neno la kuzidharau. Hata hivyo hatutaki kusema uwongo siku ya jubilei. Ardhi iliyoitwa tupu katika karatasi za Leta ilikuwa pengine imeondolewa watu, na miembe iliyobaki porini ilijua nani aliipanda.

Reli ya kutoka Kindu mpaka Kongolo ilipomalizika mwisho wa 1910, ilipita upande wa pili wa mto, kwa njia ya Kibombo na Samba. Nyangwe ikaachwa kando. Vijana wengi wakafuata reli mpaka katika miji ya Katanga, na huko waliyakuta yale yale. Katika Elisabethville, mwanzoni mwa miaka ya 1920, site ya watu weusi ilihamishwa mbali na nyumba za Wazungu, ikaachwa nafasi tupu katikati. Ile mpya iliitwa Cité Albert, ndiyo Kamalondo ya leo. Jambo hili halikuwa la Kongo tu. Katika Nairobi, mtaa wa zamani wa Pangani, wenye nyumba za Kiswahili, ulibomolewa mwaka 1939, na watu wakapelekwa Shauri Moyo. Huko husimulia kwamba jina lilitoka katika jibu walilopewa walipouliza kama ni lazima wahamie: hilo ni shauri la moyo wako.

Tangu sheria ya 20 Julai 1973 ardhi yote ya nchi ni ya Serikali, na mtu hupewa haki ya kuitumia tu. Kwa hiyo mwenye karatasi hushinda, na mwenye kumbukumbu hushindwa.

Ndiyo maana tunatoa ombi moja kwa halmashauri ya paroki na kwa Baba Askofu. Mkipima tena mipaka ya kiwanja cha misioni, msianze na ramani. Waiteni kwanza wazee, Wakristu na Waislamu pamoja, na wazee wa Wagenya wasisahauliwe. Watembee mpakani na katekista mwenye daftari, waseme hapa palikuwa kwa nani, na kaburi la nani liko chini ya nyasi hizi. Majina hayo yaandikwe katika kitabu cha paroki, karibu na majina ya waliobatizwa. Na kama kuna jamaa aliyejenga ndani ya alama za mawe za misioni, asiambiwe aondoke kabla ya kitabu hicho kusomwa mbele yake.

Sisi wakatekista tuko tayari kushika daftari hilo tangu juma lijalo.