Zanzibar, Heligoland na kete za Witu

Wapenzi wa historia mbadala wana swali wasilolichoka: ingekuwaje kama ule mkataba wa Julai 1, 1890 usingetiwa saini? Wengi wetu tunausimulia kwa sentensi moja. Mjerumani alitoa Zanzibar, akapewa Heligoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini kisichofika hata kilomita mbili za mraba. Biashara ya kichaa hiyo!

Ila Mjerumani hakuwa na Zanzibar ya kutoa. Ilikuwa ya Sultani Ali bin Said. Alichofanya Kansela Caprivi ni kukubali Mwingereza aiweke chini ya himaya yake, na kuachia Witu pamoja na madai ya Ujerumani juu ya Uganda.

Kwa hiyo ukitaka kuufanya mkataba huu mchezo wa vita wa mezani, wenye ramani, kete na dadu (na mimi nimeuchora mara kadhaa kwenye karatasi za manila), usianze na Zanzibar. Anza na Uganda. Carl Peters alishaandikiana mkataba na Kabaka Mwanga mapema mwaka huohuo. Sasa chukulia Berlin imeushikilia. Mwingereza anajenga reli ya nini kutoka Mombasa mpaka Ziwa Victoria? Bila reli, ile kambi ya mafundi ya 1899 haizai Nairobi. Na 1914 Lettow-Vorbeck hana reli ya adui ya kutegea baruti kule Taita. Nusu ya vita tunayoijua imefutika kabla hujarusha dadu.

Baharini mambo si makubwa kama watu wanavyodhani. Ati Heligoland ingekuwa kisu shingoni mwa Mjerumani. Thubutu! Iko karibu kilomita 50 tu kutoka pwani yake, na manowari za kuiokoa zingetoka ng'ambo ya bahari. Kwenye mchezo wangu inaanguka zamu ya pili. Hata meli ya Königsberg, iliyoizamisha Pegasus bandarini Zanzibar Septemba 20, 1914, isingepona kwa kuwa na Zanzibar yake. Shida yake ilikuwa makaa ya mawe, na kisiwa ni rahisi kukizingira kuliko mikoko ya Rufiji, ambako ilijificha mpaka Julai 1915. Ningekuwa nahodha, ningekwenda Rufiji vilevile.

Kinachoniudhi ni kanuni za wachezaji wawili. Witu, nyuma ya Lamu, inageuka kuwa kipande cha rangi kinachobadilishwa mikono. Mbona wenyewe hawana kete? Mtawala wake Ahmed Simba aliutaka ulinzi wa Mjerumani mwaka 1885 kwa sababu zake: Sultani wa Zanzibar alikuwa anamkaba. Mrithi wake, Fumo Bakari, hakuulizwa mtu alipobadilishiwa mlinzi. Septemba 1890 Wajerumani kadhaa wakauawa Witu, na Oktoba Waingereza wakaja kulipiza kisasi cha Wajerumani. Wakauchoma mji.

Sasa mpe Fumo Bakari kiti mezani, uone hesabu inavyogeuka. Mjerumani akipata Zanzibar na Witu pamoja, Witu haina faida tena, maana mlinzi na mkabaji wanakuwa mtu mmoja. Mwingereza akipata zote mbili, ni yaleyale. Kinachoifaa Witu ni wakubwa waendelee kugombana bila kusaini chochote. Basi nikaandika kanuni: Witu inashinda kama hakuna mkataba mpaka zamu ya mwisho.

Tumeucheza hivyo mara tano. Wazungu wawili, hata wakiwa wameapa kutoelewana, wanasaini tu, kwa kawaida zamu ya nne, makaa yanapoanza kuwapungukia. Witu imeshinda mara moja. Siku hiyo aliyeshika kete zake alimfuata mapema aliyeshika za Mwanga, wakatoka kwenda kunong'onezana barazani.