Kichaa cha mbwa: dalili za neva
Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi unaoshambulia ubongo wa mbwa, paka, mifugo na binadamu. Virusi huingia pamoja na mate kwenye jeraha la kuumwa, kisha husafiri ndani ya neva hadi ubongoni kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Wengi Tanga na Pangani hutazamia mbwa anayeuma ovyo, lakini hiyo ni sura moja tu. Sura ya kupooza ndiyo inayoponza watu: mnyama amenyamaza, taya limelegea, mate yanachuruzika, hawezi kumeza. Mwenye mbwa hudhani amekabwa na mfupa, akamtia mkono kinywani. Asithubutu kabisa! Dalili nyingine, kama degedege na kuyumba, huweza pia kuletwa na sumu. Daktari wa mifugo ndiye wa kutofautisha. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, awahi hospitali kuchanjwa, kwani dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa. Lakini ugonjwa huu huzuilika: kisiwani Pemba, ng'ambo ya mkondo kutoka Tanga, chanjo ya mbwa iliuondoa ugonjwa mwaka 2014. Uliporudi 2016, mbwa wakachanjwa upya, na kufikia 2018 ulikuwa umetokomezwa tena.