Fundi wa nyanjani: Kazi ya kufufua chemchemi na malisho katika nyika ya Kajiado

MSAFIRI anayeondoka Kitengela kuelekea Namanga huvuka mabonde kadhaa ambayo, miezi mingi ya mwaka, huwa ni mchanga mtupu. Hata hivyo, nyika hiyo ina maji. Hutokeza katika chemchemi chache ambazo binadamu, ng'ombe na punda milia huzigombania. Mtu aliyeajiriwa kuzitunza chemchemi hizo, pamoja na nyasi na miti inayozizunguka, ndiye fundi wa nyanjani. Si mhandisi, na si kibarua wa kuchimba mitaro tu, ingawa mara nyingi hufanya kazi za wote wawili.

Ni vyema ieleweke kwamba Kajiado si jangwa kama lile la Chalbi kule Marsabit. Ni eneo kame lenye misimu miwili ya mvua, ya Machi hadi Mei na ya Oktoba hadi Desemba, ambayo siku hizi haiaminiki. Upande wa kusini maji mengi hayatokani na mvua ya papo hapo. Misitu ya Mlima Kilimanjaro hunasa mvua na ukungu, maji hupenya katika miamba ya volkano, husafiri chini kwa chini na kuibukia Kenya katika chemchemi kama Nolturesh na katika vinamasi vya Enkongo Narok na Longinye, vilivyo ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Amboseli. Kwa hivyo, fundi hulinda mdomo wa maji ambayo asili yake iko nchi jirani.

Kazi huanza kwa kupima. Kifaa kikuu ni ndoo ya lita 20 na saa. Ndoo ikijaa kwa sekunde 10, chemchemi inatoa lita mbili kwa sekunde, yaani lita 7,200 kwa saa. Kipimo hurudiwa mahali pale pale kila mwezi na kuandikwa daftarini. Jambo hili huonekana dogo, lakini bila daftari hakuna awezaye kuthibitisha kwamba maji yamepungua, seuze kueleza ni kwa nini. Aidha, sampuli hupelekwa maabara, maana maji ya miamba ya volkano aghalabu huwa na madini ya floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno yenye madoa ya kahawia yanayoonekana kwa wenyeji wengi wa Bonde la Ufa ni ushahidi tosha.

Baada ya vipimo, fundi hufukua taratibu hadi kwenye jicho la chemchemi. Hapo pupa haifai, kwani anayechimba kupita kiasi huweza kuyafanya maji yabadili njia na kupotea. Jicho hupangiwa mawe na kokoto, hufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi ili uchafu usipenye, kisha hujengewa ukuta mfupi wenye bomba la kutolea maji. Mtaro huchimbwa upande wa juu ili kuepusha maji ya mafuriko. Hatimaye eneo huzungushiwa ua, na miti ya kienyeji kama mikuyu hupandwa. Mikaratusi haifai kabisa, kwa kuwa hunywa maji mengi.

Ua huo ndio chanzo cha migogoro mingi. Mfugaji aliyetembeza ng'ombe wake siku nzima akakuta seng'enge mahali ambapo babu yake alinywesha, ataikata, na ni vigumu kumlaumu. Fundi mzoefu hujenga birika la kunyweshea mifugo kabla ya kusimamisha nguzo ya kwanza. Birika huwekwa mbali kidogo na jicho, kwenye mteremko, ili maji yafike yenyewe na kwato zisikanyage chanzo. Maji yanayofurika huachwa yaende kwenye kinamasi, ambako ndovu na nyati hunywa usiku. Miradi iliyosahau mpangilio huo huacha kuta nzuri za saruji na ua uliobomoka.

Sehemu ya pili ya kazi ni malisho. Ardhi iliyo wazi haifyonzi mvua. Maji huteleza na kuchimba makorongo. Katika eneo la Kuku, kusini mwa Kajiado, shirika la Maasai Wilderness Conservation Trust likishirikiana na Justdiggit limechimba mashimo mengi yenye umbo la nusu mwezi, kila moja likiwa na urefu wa takriban mita tano na upana wa mita mbili na nusu. Uwazi huelekea upande wa juu wa mteremko nao udongo hurundikwa upande wa chini. Usawa hutafutwa kwa kipimo cha mbao chenye umbo la herufi A na jiwe lililoning'inizwa kwa uzi. Uchimbaji hufanywa wakati wa kiangazi, na mbegu za nyasi za kienyeji humwagwa kabla tu ya mvua. Mifugo wakiingizwa kabla nyasi hazijatoa mbegu, kazi yote ni bure. Wamaasai wenyewe wana desturi ya olopololi, yaani malisho yanayotengwa kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu, na fundi anayejenga juu ya desturi hiyo hueleweka haraka.

Kitengela ina tatizo jingine. Ranchi yake ya jamii iligawanywa kuwa mashamba ya watu binafsi mwaka 1988, na tangu hapo ploti, ua na machimbo ya mawe vimeziba njia za wanyama wanaotoka Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 katika mji huo. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola nne za Marekani kwa ekari kwa mwaka, mradi wasijenge ua wala kuchimba mawe. Fundi anayefanya kazi huku hushughulika na hati za ardhi kuliko sepetu. Kwingineko, ardhi ya jamii huongozwa na sheria ya mwaka 2016, na matumizi ya maji na Sheria ya Maji ya mwaka huo huo, hivyo idhini ya kamati na ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji hutafutwa mapema.

Uzito wa kazi hii hudhihirika wakati wa ukame. Ule wa 2009 uliangamiza sehemu kubwa ya nyumbu na ng'ombe wa Amboseli. Mwaka 2022, serikali ilitangaza vifo vya ndovu 205 nchini katika muda wa miezi tisa hivi.

Anayetaka kazi hii anaweza kusomea masuala ya maji katika Taasisi ya Maji ya Kenya jijini Nairobi, au usimamizi wa nyanda za malisho katika vyuo vikuu. Kujua Kimaasai ni faida kubwa. Ajira nyingi ni za mkataba na hukoma fedha za mradi zinapokwisha, kwa hivyo fundi hodari huanza mapema kumfundisha kijana wa hapo kufungua bomba, kuziba ufa na kupima kwa ndoo, kisha humkabidhi daftari.