Baiskeli na Macho ya Watu

"Kaka, pikipiki imekufa?"

Ndilo swali la kwanza nililoulizwa siku nilipoazima baiskeli Sigino, moja ya kata za mji wa Babati, nikashuka nayo mjini. Aliyeuliza hakunikejeli, alinihurumia kabisa. Mtu mzima aliyechomekea shati, apande baiskeli kwa kupenda? Haikumwingia akilini.

Angekuwa babu yangu, angeulizwa ameipata wapi. Enzi zake Raleigh ya Uingereza au Phoenix ya China ilikuwa mali hasa: ililala ndani, ilifutwa vumbi kila jioni, na mtoto aliyegusa kengele bila ruhusa alikiona. Mwenye nayo alikuwa mwalimu, karani, bwana shamba. Baadaye ikaja Swala, iliyoundwa Dar es Salaam na NABICO, kampuni ya umma, na kwa muda tukaendesha kitu chetu wenyewe. Kisha soko likafunguliwa, zikamiminika pikipiki za China, na heshima ikahama na injini. Kinachochekesha ni kwamba bodaboda yenyewe ilizaliwa ikiwa baiskeli, kule Busia, ikivusha watu mpaka wa Kenya na Uganda.

Mwaka 1991 mwanasaikolojia Icek Ajzen aliandika kwamba nia ya mtu kufanya jambo hutegemea vitu vitatu: analionaje jambo lenyewe, anadhani watu wake wanalionaje, na anaamini kiasi gani kwamba analiweza. Waulize watu wa Sigino kuhusu baiskeli. Wengi watakuambia haili mafuta, inajenga mwili. La kwanza hilo limepita. Kasheshe iko kwenye la pili.

Maana baiskeli haidharauliki kila mahali. Tanga mwanamke akipita na baiskeli hakuna anayegeuza shingo. Wamezoea kumwona, basi. Sikubaliani na wanaosema ni suala la utamaduni wetu wa bara au ni vilima tu. Shinyanga nako ni bara, na baiskeli zimebeba abiria kwa miaka, zikaitwa daladala bila aibu yoyote.

La tatu, la kujiamini, lami imelichanganya. Babati imekaa kwenye njia kuu ya kale itokayo Cape kwenda Cairo, na kipande cha Dodoma hadi Babati, kilomita 251, kilizinduliwa Aprili 2018. Tairi sasa linateleza vizuri, hakuna mchanga wa kukuangusha. Lakini malori nayo yanateleza. Likikupita moja, upepo wake unakusukuma pembeni, na hapo ndipo unaelewa kwa nini mama mwenye mtoto mgongoni anaona bora alipe nauli. Huo si ushamba, ni hesabu. Aibu unaweza kuizoea kwa wiki mbili, lori huwezi.

Mwenye baiskeli alikuwa ameniagiza pumba za kuku. Jioni nikafunga gunia kwenye keria kwa mpira, nikachomoa shati, nikaanza kurudi taratibu. Nilipita kijiwe kilekile, watu walewale. Wakanisalimia, "Pole na kazi," nikaitikia, nikaendelea. Hakuna aliyeuliza habari za pikipiki.