Mwenendo wa Makosa ya Jinai: Sheria Hii Inafika Mahakama Zipi?

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, ilitungwa na Bunge la Tanzania mwaka 1985. Jina lake limezoeleka kwa mawakili, askari na waandishi wa habari, lakini mwananchi wa kawaida halimsaidii. Mtaani mwenendo ni tabia ya mtu. Mahakamani ni pia kumbukumbu za yote yaliyosemwa kizimbani, ndiyo maana anayekata rufaa huomba “nakala ya mwenendo na hukumu”. Katika jina la sheria hii neno hilo lina maana ya tatu: utaratibu wa kuendesha shauri tangu mtu anapokamatwa hadi rufaa inapoamuliwa.

Neno “makosa” ndilo linalopotosha zaidi. Kosa halina mwenendo. Chenye mwenendo ni shauri. Wizi ni nini na adhabu yake ni ipi, hayo yamo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Sura ya 20 inaeleza mtuhumiwa akamatwe vipi, hati ya mashtaka iandikweje, dhamana itolewe na nani, mashahidi wasikilizwe kwa utaratibu gani. Upande wa madai tulipata jina zuri zaidi, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. Naamini “Mwenendo wa Mashauri ya Jinai” lingekuwa jina sahihi kwa Sura ya 20, kwa sababu lingemwonyesha msomaji mapema kwamba sheria hii haifuati kosa popote liendako. Inafuata mahakama.

Na mahakama hizo ni zipi? Ni za Tanzania Bara: Mahakama Kuu, Mahakama za Hakimu Mkazi na Mahakama za Wilaya. Hata kesi za uhujumu uchumi, ambazo zina sheria yake ya mwaka 1984, huendeshwa kwa Sura ya 20 pale ambapo sheria hiyo haikuweka utaratibu tofauti.

Lakini kutumika katika mahakama zote hizo si kutumika kwa namna moja. Wasomaji wa magazeti wanaijua habari hii: mshtakiwa wa mauaji anafikishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, anasomewa shitaka, kisha anaambiwa asijibu chochote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi yake. Upelelezi haujakamilika, kesi inatajwa, inaahirishwa, inatajwa tena. Wengi hudhani hakimu anamchezea mtu. La hasha. Kesi ya mauaji ni ya Mahakama Kuu, ila Sura ya 20 inaagiza ianzie kwa hakimu. Upelelezi ukikamilika, mshtakiwa husomewa maelezo ya mashahidi na vielelezo, ndipo anapelekwa Mahakama Kuu kusikilizwa. Hatua hii huitwa mwenendo kabidhi, na hapa Kiswahili kimepata istilahi inayobeba jambo lenyewe: mahakama ya chini inamkabidhi mtu kwa mahakama ya juu. Kinachoumiza ni miezi, pengine miaka, ambayo mtu hukaa mahabusu akingoja kukabidhiwa. Hilo ni la kurekebishwa na watunga sheria. Hakimu wa Kisutu hana uwezo nalo.

Mahakama ya Mwanzo haimo katika mahakama zinazofuata Sura ya 20. Huko, ambako wananchi wengi hukutana na hakimu kwa mara ya kwanza, mashauri ya jinai huongozwa na kanuni fupi zilizomo katika Jedwali la Tatu la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11. Sababu yake ni ya kihistoria. Wakoloni waliwawekea Waafrika mahakama zao za kienyeji, mbali na zile zilizofuata sheria ya Kiingereza. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1963 iliziunganisha katika ngazi moja, na zile za kienyeji zikawa Mahakama za Mwanzo. Zilibaki na utaratibu mwepesi, kwa Kiswahili, na mlalamikaji mwenyewe ndiye huisimamia kesi yake. Utaratibu huo haustahili kudharauliwa. Umetungwa kwa ajili ya mtu asiye na wakili.

Zanzibar nayo haimo. Ina Mahakama Kuu yake na sheria yake ya mwenendo wa jinai, ya mwaka 2018. Mahakama ya kijeshi hufuata Sheria ya Ulinzi wa Taifa. Mahakama ya Rufani, inayopokea rufaa kutoka pande zote mbili za Muungano, ina kanuni zake za mwaka 2009.

Tofauti hizi zinamgusa mtu pale anapotaka kukata rufaa. Aliyetiwa hatiani na Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kuwasilisha rufaa yake Mahakama ya Wilaya. Aliyetiwa hatiani na Mahakama ya Wilaya, hata kwa wizi wa aina ileile, hufuata Sura ya 20: taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha rufaa yenyewe Mahakama Kuu ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kungoja nakala za mwenendo na hukumu. Anayefuata ushauri wa jirani aliyehukumiwa katika mahakama ya ngazi nyingine anaweza kuzipoteza siku hizo 10 pasipo kujua, na kurudi kwake ni kwa kuomba kuongezewa muda, akiwa na sababu za kutosha. Kwa hiyo, hukumu ikisomwa, muulize karani siku hiyohiyo: mahakama hii inatumia sheria ipi, na nina siku ngapi?