Uteuzi wa majina ya aina za data

Katika Haskell, lugha ya kuandikia programu za kompyuta iliyozinduliwa mwaka 1990, jina la aina ya data sharti lianze kwa herufi kubwa. Hata hivyo, jina pekee si kinga. Neno ‘type’ hutoa lakabu tu: ukiipa aina ya nambari lakabu mbili, Shilingi na Dola, kompyuta itajumlisha fedha hizo bila kupinga. Neno ‘newtype’ huunda aina mpya, na kosa hilo hukataliwa kabla programu haijaanza kutumika.

Hatari ya kuchanganya vipimo ilidhihirika mwaka 1999, chombo cha anga cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipopotea kwenye sayari ya Mirihi. Programu moja ilikokotoa msukumo kwa ratili. Nyingine iliusoma kwa nyutoni.