Kona ya Paipu: Historia ya Plastiki Inayorudi

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, eneo la Naitiri nchini Kenya lilikuwa mashamba ya walowezi. Baadaye liligawanywa kwa wakulima Waafrika kupitia miradi ya makazi. Stima ilifika vijijini humo kwa kusuasua; kasi iliongezeka baada ya Mamlaka ya Kusambaza Umeme Vijijini kuundwa kwa sheria ya 2006 na mradi wa Last Mile kuzinduliwa 2015. Pamoja na nyaya ikaja kazi ya kukunja paipu za PVC.

Fundi wa stima huingiza springi ya chuma ndani ya paipu isibonyee, kisha huikunja taratibu gotini. Akitaka kona ya digrii 90, huipitisha kidogo, kwani akiiachilia hurudi papo hapo. Palipo na baridi huisugua kwanza kwa kitambaa ipate joto, la sivyo inaweza kupasuka. Halafu huibana ukutani mapema: kona iliyoachwa huru huzidi kufunguka polepole.

Mabadiliko hayo ya polepole yaligunduliwa kabla ya PVC yenyewe, ambayo Eugen Baumann aliiona maabarani 1872. Mwaka 1835 Wilhelm Weber alitundika uzito kwenye nyuzi za hariri: zilirefuka mara moja, kisha zikaendelea kurefuka kidogo kidogo. Mwaka 1874 Ludwig Boltzmann alitoa hesabu ya mabadiliko hayo: kila mzigo uliopita huacha athari, na athari hizo hujumlishwa. Kwenye plastiki chanzo ni minyororo mirefu ya molekuli. Sehemu ya mkunjo hurudi mara moja, sehemu hurudi taratibu, sehemu hairudi kamwe.

Tatizo la kupima mabadiliko hayo lilikuwa muda. Nchini Marekani, William Findley alichapisha 1987 matokeo ya majaribio ya PVC na polithini yaliyochukua miaka 26. Mtengenezaji hawezi kungoja hivyo. Njia ya mkato iliimarishwa na kazi ya watafiti Williams, Landel na Ferry ya 1955: joto huharakisha mnyumbuko, hivyo jaribio fupi la joto hutabiri jaribio refu la baridi. Programu za kompyuta hugawa kona katika vipande vidogo, huikunja, huiachilia, kisha hukokotoa umbo lake miezi ijayo. Mbunifu hupata kiasi cha kupitisha pembe.

Hesabu hiyo ni nzuri kadiri ya vipimo vya plastiki yenyewe. Plastiki iliyorejelezwa, isiyojulikana mchanganyiko wake, huivuruga upesi. Hapo kipande kifupi cha majaribio hutoa jibu la haraka zaidi.